Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Tyuna ya Kebo Haishiki Chaneli kwenye Linux

Ukurasa huu umekusanywa kutokana na maswali ambayo watu wa Mbeya, Iringa, Njombe na miji ya katikati huuliza tena na tena: kompyuta ya Linux ipo, tyuna (kifaa cha kupokelea chaneli kwenye kompyuta) ipo, waya wa kebo upo, king'amuzi cha sebuleni kinaonyesha bila shida, ila kompyuta haishiki chaneli hata moja. Mgeni aanzie juu. Aliyezoea `dvbv5-zap`, programu ya kujaribu masafa kwa mkono, aruke hadi sehemu ya tatu.

Jambo moja nalisema mapema ili nisilirudie kila jibu: usinunue busta (kikuza mawimbi) wala usibadilishe kerneli (kiini cha Linux) kabla hujajua mawimbi yanaishia hatua ipi. Hatua zenyewe ziko kwenye swali la 1.3.

## 1. Mwanzo kabisa

1.1 Nitajuaje kama waya ulioingia kwangu ni wa kebo ya dijitali kweli?

Waya wenye kichwa cha kuzungusha unaweza kuwa umetoka sehemu tatu: antena ya juu ya bati (DVB-T2), dishi (DVB-S au S2), au nguzo ya mwenye kebo (DVB-C). Kwa macho ni uleule. Ufuate kwa miguu mpaka uone unakoanzia. Nyumba za kupanga za Mwanjelwa au Mlandege zina nyaya zilizorithiwa kutoka kwa wapangaji waliokwisha kuhama, na mara nyingine ule ulioushika mkononi haujaunganishwa na kitu chochote.

Ukishathibitisha ni kebo, bado kuna suala la analojia. Uzimaji wa mitambo ya analojia ulioanza Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012 na kufika Mbeya mwaka 2013 ulihusu matangazo yanayorushwa hewani. Waya wa mwenye kebo ni habari nyingine: unaweza kubeba analojia, dijitali, au vyote viwili kwenye masafa tofauti. Chomeka waya moja kwa moja kwenye televisheni ya kichogo. Ikionyesha picha bila king'amuzi, humo mna analojia, na tyuna ya DVB-C haitaigusa. Kisha chomeka kwenye televisheni bapa yenye chaguo la kebo kwenye menyu ya kusaka chaneli. Ikipata chochote upande wa dijitali, endelea kusoma.

1.2 Boksi la tyuna limeandikwa "Digital TV". Hilo halitoshi?

Halitoshi. Tyuna nyingi za bei rahisi zimejengwa juu ya chipu ya RTL2832U, na chipu hiyo ikiwa peke yake inaelewa DVB-T tu. Haijui DVB-T2 ya antena zetu, haijui DVB-C ya kebo. Hakuna draiva itakayoiongezea uwezo huo, maana haumo ndani ya chipu yenyewe. Usiitupe lakini, kazi yake iko kwenye swali la 6.4.

Unachotafuta ni tyuna yenye chipu inayosoma DVB-C na ambayo tayari ina draiva huria ndani ya kerneli: Si2168 (imo kwenye MyGica T230, PCTV 292e na Hauppauge WinTV-dualHD ya Ulaya), MN88473 (Astrometa), CXD2820R (PCTV 290e), au DRX-K kwa vifaa vya zamani kidogo. Tahadhari kwa wanaoagiza kupitia ndugu walioko Marekani: WinTV-dualHD ya kule ina jina lilelile lakini chipu tofauti, na inasoma kebo ya mfumo wa Kimarekani tu. Tofauti hiyo inaelezwa kwenye 3.4.

Kama tyuna imeshachomekwa, uliza yenyewe. Sakinisha kifurushi cha `dvb-tools` (Debian na Ubuntu), kisha andika `dvb-fe-tool`. Itaorodhesha mifumo inayoiweza. Usipoona `DVBC/ANNEX_A` kwenye orodha, ishia hapo na urudi dukani.

1.3 "Kushika" maana yake nini hasa?

Si jambo moja. Draiva inaripoti hatua tano, na `dvbv5-zap` huzionyesha kama namba inayoanza na 0x:

`0x01` ina maana kuna nguvu fulani kwenye masafa hayo. Inaweza kuwa chaneli yako, inaweza kuwa kelele tupu. `0x03` ina maana tyuna imeona mbebaji wa mawimbi, yaani kuna kitu chenye umbo la chaneli. `0x07` inaongeza Viterbi, hatua ya kusahihisha makosa, ambayo kwa kebo ni jina tu: DVB-C haina msimbo huo wa ndani, ina msimbo mwingine wa kusahihisha makosa, Reed-Solomon, peke yake, kwa hiyo draiva nyingi huiwasha hatua hii pamoja na zinazofuata. `0x0f` ina maana mpangilio wa pakiti umepatikana. `0x1f` ndiyo LOCK kamili: zote tano zimewaka.

Thamani ya namba hizi ni kwamba zinakuambia uangalie wapi. Ikigandia kwenye `0x00`, shuku waya, au masafa uliyoandika. Ikigandia `0x01` au `0x03`, masafa huenda ni sahihi lakini SR (kasi ya alama) au modulesheni (namna data ilivyopakiwa kwenye mawimbi) ni kosa, au mawimbi yamechafuka. Ikipanda hadi `0x1f` na kuanguka, na kupanda tena, hapo uko ukingoni: mawimbi ni hafifu, au yamezidi. Ndiyo, yanaweza kuzidi, angalia 4.3.

## 2. Kompyuta haioni tyuna

2.1 Nimechomeka, lakini hakuna `/dev/dvb`.

Andika `lsusb` kabla na baada ya kuchomeka. Kama hakuna mstari mpya, ni bandari ya USB, waya wa kurefusha, au tyuna imekufa. Kama mstari upo na `/dev/dvb` haipo, kerneli haina draiva yake au haikuipakia. Soma mistari ya mwisho ya `dmesg`, yaani ujumbe wa kerneli.

Wanaotumia Ubuntu kwenye Raspberry Pi au kwenye seva hukutana na mtego mmoja: kwenye baadhi ya matoleo, moduli za televisheni hazimo kwenye kerneli ya msingi. Ziko kwenye kifurushi cha `linux-modules-extra` kinacholingana na kerneli yako (kwa Pi ni `linux-modules-extra-raspi`). Sakinisha, washa upya, mara nyingi basi.

2.2 `dmesg` inalalamika kuhusu firmwea na namba -2.

Hiyo -2 ina maana faili halikupatikana. Draiva ni huria, lakini chipu nyingi zinahitaji firmwea (programu ya ndani ya chipu) ya mtengenezaji ambayo hupakiwa kila tyuna inapoamka. Ujumbe wenyewe unataja jina la faili, kwa mfano `dvb-demod-si2168-b40-01.fw`. Pata faili lenye jina hilohilo, herufi kwa herufi, liweke `/lib/firmware`, chomoa tyuna na uichomeke tena. Mkusanyiko wa firmwea wa mradi wa LibreELEC unazo nyingi.

Angalia herufi za katikati. `a20`, `a30` na `b40` ni matoleo tofauti ya chipu ileile, na kubadilisha jina la faili moja ili lionekane kama jingine ni kutafuta usiku wa kukesha.

2.3 Nimepata -110, -71 au -16. Zinasema nini?

`-110` ni muda umeisha bila kifaa kujibu. `-71` ni mawasiliano ya USB yamevurugika. Hizi mbili nazishughulikia kwanza kama tatizo la umeme: toa waya wa kurefusha, hamia bandari ya nyuma ya kompyuta, au tumia habu yenye chaja yake. Raspberry Pi inayolishwa na chaja ya simu haina nguvu ya kubeba tyuna mbili, hata kama siku ya kwanza ilionekana kubeba.

`-16` ni kifaa kina mtu mwingine. Karibu kila mara ni Tvheadend, programu ya kutazama na kurekodi televisheni, inayojiwasha yenyewe nyuma. Isimamishe kwa `sudo systemctl stop tvheadend` kabla ya kujaribu kwa mkono.

Ukiona tu kwamba huna ruhusa, jiongeze kwenye kundi la `video`, toka, ingia tena.

2.4 Natumia VirtualBox ndani ya Windows. Kuna shida?

Ipo. Tyuna hutiririsha data mfululizo na kompyuta ya kufikirika huikata-kata. Anzisha Linux kutoka kwenye fleshi badala yake.

## 3. Tyuna ipo, haishiki

3.1 Masafa ya kebo ya mtaani kwangu nitayapata wapi?

Kwenye king'amuzi kilekile kinachofanya kazi. Fungua menyu ya taarifa za chaneli au usakaji wa mkono, piga picha kwa simu. Unahitaji vitu vitatu: masafa, SR, na modulesheni (64QAM, 256QAM na kadhalika). Pitia chaneli kadhaa ili upate masafa tofauti, maana chaneli nyingi hukaa kwenye masafa mamoja.

Ukiona SR ya 27500, umefungua menyu ya dishi. Kebo yenye nafasi za MHz 8 huishia chini ya 7000. Zinazotumika sana ni 6875 na 6900. Sababu ni hesabu tu: 6.9 ukizidisha kwa 1.15 unapata 7.935, na nafasi ni 8.

Faili za masafa zinazokuja na Linux zimeandikwa zaidi kwa miji ya Ulaya. Usitegemee kukuta la Mafinga. Andika lako.

3.2 Faili lenyewe naliandikaje?

Hivi, kwa masafa ya MHz 346:

```
[CHANNEL]
  DELIVERY_SYSTEM = DVBC/ANNEX_A
  FREQUENCY = 346000000
  SYMBOL_RATE = 6900000
  INNER_FEC = NONE
  MODULATION = QAM/64
  INVERSION = AUTO
```

Lihifadhi kama `kebo.conf`, kisha jaribu masafa hayo peke yake:

`dvbv5-zap -c kebo.conf -m 346000000`

Sasa hesabu sifuri. King'amuzi kimoja huandika 346.00, kingine 346000, na Linux inataka Hz kamili: 346000000. SR nayo ni 6900 kwenye skrini na 6900000 kwenye faili. Sifuri tatu zikipungua, tyuna inatafuta chaneli mahali ambapo haiwezi hata kufika, na haitakuambia kwa lugha ya upole. Itakaa `0x00` milele. Aliyezoea dishi ana mtego wa ziada, kwa sababu kule Linux hutumia kHz na siyo Hz.

SR haikisiwi. Tofauti ya 6875 na 6900 inatosha kukunyima LOCK kwenye chipu nyingi. Modulesheni unaweza kuandika `QAM/AUTO` kama hujui, lakini chipu za zamani haziiwezi. Hapo jaribu 64, kisha 256, kisha 128.

3.3 Masafa ni sahihi, SR ni sahihi, bado `0x00`. King'amuzi kwenye waya uleule kinashika.

Tyuna inayoweza T, T2 na C huamka ikiwa kwenye mfumo wa kwanza, ambao kwa kawaida ni DVB-T. Programu za zamani zilizoandikwa kabla ya kiolesura kipya cha DVB kilichoingia kwenye kerneli 2.6.28 mwaka 2008 hazijui kuiomba ihame. Ilazimishe:

`dvb-fe-tool -d DVBC/ANNEX_A`

Kisha rudia 3.2. Kama bado, na tyuna yako inaonyesha `frontend0` na `frontend1`, jaribu ya pili kwa `-f 1`. Baadhi ya draiva hutenga kebo na antena kwenye milango miwili, na mmoja ukiwa wazi mwingine haufunguki.

3.4 Annex A, B, C ni nini, na sisi tuko wapi?

Ni matoleo matatu ya kebo ya dijitali. A ni ya Ulaya na sehemu kubwa ya dunia, B ni ya Marekani yenye nafasi za MHz 6 na usahihishaji makosa wa aina nyingine kabisa, C ni ya Japani. Kebo zetu zinazojiita DVB-C ni A. Tyuna inayojua B tu itaona nguvu (`0x01`), pengine na mbebaji, halafu haitapanda tena.

3.5 Skani inapata chaneli za masafa ya kwanza, kisha inahangaika na masafa ya ajabu yasiyokuwepo.

Hili ni la kwetu hasa. Ndani ya mawimbi kuna jedwali liitwalo NIT linalomwambia mpokeaji masafa mengine yako wapi. Kituo kidogo cha kebo kinachopokea chaneli kutoka dishini na kuzisukuma upya kwenye waya mara nyingi huacha jedwali la dishi lilivyo, au huacha lile lililotoka nalo kiwandani. `dvbv5-scan` inaliamini na kuanza kufukuza masafa ya satelaiti ndani ya waya wa kebo. Iambie isiamini:

`dvbv5-scan -F -o chaneli.conf kebo.conf`

Hiyo `-F` inaibana kwenye masafa uliyoandika wewe tu. Ndiyo sababu ya kuandika yote, si moja.

Dada wa tatizo hili ni namba za utambulisho. Kama kila mashine ya kituoni imeachwa na namba 1, Tvheadend itadhani masafa kumi ni yaleyale na itayaunganisha au kuyafuta. Zima usakaji wa kimtandao kwenye mipangilio yake, ongeza masafa kwa mkono, na uiambie isijali namba za mtandao.

3.6 Sina king'amuzi. Naweza kusaka gizani?

Unaweza: `w_scan -fc -c DE`. Inatumia mpangilio wa Ujerumani, ambao una nafasi za MHz 8 sehemu kubwa ya safari. Inachukua muda mrefu na ikikosa haithibitishi kitu. Jirani mwenye king'amuzi ni njia fupi zaidi.

## 4. Waya, busta, mvua na umeme

4.1 Kwa nini king'amuzi kishike na tyuna isishike kwenye waya uleule?

Kwa sababu "uleule" huwa si uleule. Umeweka spilita (kigawanya waya)? Ya njia mbili inakula dB 3.5 hadi 4 kila upande. Ya njia nne inakula 7 hadi 8. Umetumia kichwa cha kubadilishia umbo ili kiingie kwenye tundu dogo la tyuna? Vile vya bei ya soda huvuja. Toa vyote, chomoa waya kwenye king'amuzi, uchomeke huohuo kwenye tyuna. Ikishika, tatizo liko kwenye ulivyogawa.

Angalia kichwa chenyewe kwa karibu, chini ya mwanga. Uzi wa shaba wa katikati utokeze kidogo kupita ukingo, uwe mng'avu na umenyooka. Ukiona unywele mmoja wa matundu ya nje umejikunja na kugusa ule wa katikati, umempata mwizi wako. Ukiona rangi ya kijani, maji yalishafika.

4.2 Nguvu ngapi zinatosha?

Draiva za kisasa huonyesha dBm. Mafundi wa kebo huongea dBµV. Kwenye waya wa ohmu 75, ongeza 108.75. Kwa hiyo ‑49 dBm kwako ni takriban 60 kwa fundi. Mnaongea kitu kimoja.

Viwango vya Ulaya vinataka 64QAM ifike kwenye soketi ikiwa na 47 hadi 67 dBµV, yaani kama ‑62 hadi ‑42 dBm. 256QAM inataka 54 hadi 74, yaani kama ‑55 hadi ‑35 dBm. Lakini namba ninayoiangalia mimi kwanza ni C/N, uwiano wa mawimbi na kelele: dB 26 kwa 64QAM, dB 32 kwa 256QAM. Nguvu nzuri yenye C/N mbaya ni kelele iliyokuzwa.

Tahadhari: si kila draiva inapima kwa haki. Angalia 5.3.

4.3 Niweke busta?

Hapana, mpaka uwe umesoma namba za 4.2. Busta inakuza mawimbi na kelele kwa pamoja, kisha inaongeza kelele yake. Ukiwa na C/N ya 22, busta mezani haitakupa 30. Mahali pake ni mwanzo wa waya mrefu, kabla mawimbi hayajachoka.

Na kuna wanaoteseka kwa kinyume. Nyumba iliyo karibu na nguzo yenye amplifaya hupokea nguvu nyingi mno. Tyuna ndogo ya USB inalewa, king'amuzi chenye mlango imara zaidi kinavumilia. Dalili: nguvu iko juu ya ‑35 dBm, C/N inayumba, LOCK inakuja na kutoka. Weka spilita ya njia nne katikati kama jaribio, ikipunguza dB 7 au 8. Ikishika, nunua kipunguza mawimbi cha dB 10 na uiachie spilita kazi yake. Milango mitupu ya spilita izibwe kwa kizibo cha ohmu 75, isirudishe mwangwi.

4.4 Masafa ya chini yanashika, ya juu hayashiki.

Waya hula masafa ya juu zaidi. RG6, aina ya waya wa kebo, ya mita 100 hula karibu dB 5 kwenye MHz 50 na karibu 18 kwenye MHz 700. RG59 ni mbaya zaidi. Mtu aliyevuta waya kutoka nyumba ya mbele hadi vyumba vya nyuma kwa vipande vilivyoungwa na selotepu anaona hili wazi. Waya mmoja mzima wa RG6 unatibu kuliko kifaa chochote.

4.5 Yanashika yote isipokuwa masafa mamoja tu.

Kuna kitu cha nje kinaingia ndani ya waya. Mitambo ya DVB-T2 hurusha kati ya MHz 470 na 694, redio za FM 87.5 hadi 108, na minara ya 4G hutumia masafa ya karibu na 700 na 800. Kama mwenye kebo ameweka chaneli kwenye MHz 602 na mnara wa mjini unarusha palepale, waya unaovuja utachanganya vyote viwili. Shika vichwa vya waya kimoja kimoja huku `dvbv5-zap -m` ikiendelea. C/N ikiruka ukigusa kimoja, ndicho. Hamisha pia tyuna mbali na diski ya USB 3, ambayo nayo hutoa kelele.

4.6 Mvua ikinyesha Tukuyu kila kitu kinapotea. Na asubuhi za Juni huku Makete?

Mvua kwenye dishi inakata mawimbi hewani. Kwenye kebo haipaswi kukata kitu. Ikikata, maji yameingia kwenye kiungo cha nje. Dalili ya maji ni kwamba hali hairudi mvua inapokatika, inarudi siku ya jua kali. Kata kichwa pamoja na sentimita kadhaa za waya uliogeuka rangi, funga kipya cha kubana, acha waya ujikunje kidogo kuelekea chini kabla ya kuingia ukutani ili matone yadondokee hapo.

Baridi ina jambo lake. Waya mrefu wa nguzoni hunywea, na uzi wa katikati unaweza kujivuta nje ya kiungo kilichofungwa kimkazo. Chaneli zinapotea alfajiri na kurudi saa nne jua likishapasha. Hilo huwezi kulitibu ukiwa chumbani, ni la fundi wa kebo.

4.7 Nikigusa kichwa cha waya napigwa shoti kidogo.

Usichomeke. Amplifaya za nguzoni mara nyingi hulishwa umeme kupitia waya huohuo wa kebo, kwa volti kati ya 30 na 90, na kifaa kilichofungwa vibaya kinaweza kuuachia ushuke hadi kwako. Pima kwa mita kati ya uzi wa kati na ngao ya nje, AC kisha DC. Chochote zaidi ya sehemu ndogo ya volti, mwite fundi. Pima pia kati ya ngao na ardhi ya soketi. Tofauti kubwa hapo imeua tyuna nyingi kuliko draiva yoyote.

Msimu wa radi, Novemba hadi Aprili, chomoa waya unapoondoka nyumbani. Kuzima kompyuta pekee hakusaidii.

4.8 Fundi wa kebo akija nimwambie nini?

Usimwambie habari ya Linux. Atasema hawahudumii kompyuta, na yuko sahihi. Mpe namba: "Fundi, pole na kazi. Masafa ya 602 yanasoma 24, mengine yote yako 34. Naomba upime pale nguzoni kabla hujaingia ndani." Mwenye mita atapima. Asiye na mita atataka kukuuzia busta.

## 5. Ni draiva kweli?

5.1 Nitajuaje kwamba kosa ni la draiva?

Draiva yenye kosa ina tabia. Ilishika jana, umesasisha mfumo usiku, leo haishiki, na ukichagua kerneli ya zamani wakati wa kuwasha inashika tena: hilo ni kosa la draiva na unaweza kuliripoti kwa kifua mbele. Au: waya uleule, tyuna ileile, Windows inashika na Linux haishiki kwa vipimo vilevile. Au: inashika modulesheni moja na kukataa nyingine kwenye masafa yote.

Kinyume chake, kosa linalobadilika kwa saa, kwa mvua, au kwa kusogeza waya si la draiva.

5.2 Nijenge draiva mpya mwenyewe?

Kwanza jaribu fleshi yenye toleo jipya la usambazaji wowote wa Linux, bila kusakinisha. Ukishika humo, unahitaji kerneli mpya tu. Kuvuta historia nzima ya kerneli kwa `git` ni gigabaiti kadhaa. Kwa bando la simu tumia `--depth 1`. Mradi wa `media_build`, wa kujengea draiva za televisheni, hugoma mara nyingi kwenye kerneli mpya, na ukijenga moduli huku Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwasha kompyuta) imewashwa utaambiwa `Key was rejected by service`. Hiyo ni saini ya moduli inayokosekana, si kosa la msimbo.

5.3 Nguvu inasoma 0%, au 65535, lakini picha iko safi.

Kipimo hakijatekelezwa kwenye draiva hiyo, au kinatumia mizani yake yenyewe. Draiva za zamani hutoa namba kati ya 0 na 65535 bila kipimo, kwa hiyo asilimia inayoonyeshwa na Kaffeine (programu ya kutazama televisheni) kwa tyuna mbili tofauti hailinganishiki. Amini LOCK na makosa ya biti.

5.4 Inashika mara ya kwanza baada ya kuchomeka, kisha haishiki tena mpaka niichomoe.

Chipu inalala na haiamki vizuri. Jaribu kuwasha kompyuta na `usbcore.autosuspend=-1` kwenye mstari wa kerneli. Ikiendelea, angalia `dmesg` kama firmwea inapakiwa upya baada ya usingizi. Isipopakiwa, hiyo ndiyo taarifa ya kuwapelekea watunza draiva, pamoja na toleo la kerneli na mstari wa `lsusb`.

## 6. Mambo ya pembeni

6.1 Nina `0x1f` thabiti, lakini hakuna picha.

Kushika kumekwisha, kazi ya tyuna imekwisha. Mara nyingi chaneli imefungwa kwa kulipiwa, na bila kadi na kifaa halali cha mwenye kebo haitafunguka. Jaribu chaneli ya bure kwenye masafa yaleyale. Ikionyesha, ndiyo hivyo.

6.2 Picha inakatika kidogo kila baada ya muda, LOCK haitoki.

Angalia `postBER`, kiasi cha makosa ya biti, kwenye `dvbv5-zap`. Ikiwa si sifuri, rudi sehemu ya 4. Ikiwa sifuri muda wote, data inapotea kati ya USB na diski: masafa ya 256QAM yenye SR 6900 yanabeba karibu Mbit 51 kwa sekunde, na kadi ya kumbukumbu iliyochoka haiandiki kwa kasi hiyo ukirekodi kila kitu.

6.3 Chaneli zote zimetoweka kwa mpigo baada ya umeme kurudi.

Kama na king'amuzi kimepoteza, subiri. Amplifaya ya nguzoni bado haina umeme. Kama king'amuzi kinaonyesha baada ya kusaka upya, mwenye kebo amebadilisha masafa. Rudi 3.1 na picha mpya za simu.

6.4 Ile tyuna ya RTL2832U nifanyie nini?

Itumie kama kipimo. Zuia draiva ya `dvb_usb_rtl28xxu` isiikamate, sakinisha `rtl-sdr`, kisha:

`rtl_power -f 300M:700M:1M -i 10 -1 kebo.csv`

Ukichora namba hizo kwenye lahajedwali, kila masafa ya dijitali yanajitokeza yakiwa na upana wa MHz 8 na juu bapa. Utaona yaliyopo, yaliyoinama kuelekea juu ya masafa (4.4), na yenye kitu kilichochomoza katikati (4.5). Kwa bei yake, hakuna mita ya fundi inayoikaribia.

6.5 Nina tyuna mbili, na kila nikiwasha zinabadilishana namba.

Zinapewa namba kwa kuamka kwake. Zifunge kwenye `/etc/modprobe.d/tyuna.conf`, kila draiva na namba yake, kwa mfano:

```
options em28xx_dvb adapter_nr=0
options dvb_usb_cxusb adapter_nr=1
```

Kama zote mbili zinatumia draiva moja, andika namba mbili kwa mkato, `adapter_nr=0,1`, na uziache kwenye bandari zilezile za USB.